ANNIE OAKLEY: ALILISHA FAMILIA KWA BUNDUKI, AKAPIGANIA JINA LAKE MIAKA SABA

Leo tuache siasa kidogo, nawaletea stori ya mtu.

Si mnaujua ule mchezo wa kule Marekani, watu wazima na akili zao wanavaa kofia pana, buti na mikanda ya bastola kama wamo ndani ya sinema ya kauboi, halafu wanashindana kulenga shabaha huku saa inahesabu? Vijana wengi wanauona kwenye video na swali lao ni moja, mtu anaanzaje? Jibu lake linashangaza. Kwenye chama kikubwa cha mchezo huo, kinaitwa Single Action Shooting Society na kilianzishwa California mwaka 1987, mwanachama anatakiwa achague jina la kichezo, jina la enzi zile za makauboi, na lisiwe tayari limechukuliwa na mwenzake. Kwa jina hilo ataitwa uwanjani na kwa jina hilo matokeo yake yatabandikwa. Watu wanaweza wakakusahau umevaa nini, lakini jina lako watalikumbuka.

Sasa ukitaka kuelewa jina lina uzito gani kwenye mambo haya ya shabaha, lazima umjue mwanamke mmoja aliyefariki mwaka 1926. Dunia inamjua kama Annie Oakley. Kumbe hata yeye hilo si jina alilozaliwa nalo.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1860, wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Ohio, wadau, siyo Texas! Hakuzaliwa kwenye jangwa lenye farasi na majambazi, alizaliwa kwenye kibanda cha wakulima maskini katika nchi ya misitu na mashamba. Jina lake la kuzaliwa ni Phoebe Ann Mosey, na nyumbani walimwita Annie. Wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, ambayo ndugu zetu wa Kaimosi kule magharibi mwa Kenya wanayafahamu vizuri, maana wamisionari wa Kimarekani waliyafikisha huko mwaka 1902. Ni madhehebu ya watu wa amani, wanaokataa vita. Halafu humo humo akatoka mtu wa bunduki!

Baba yake, mzee Jacob, alikuwa mtu mzima sana Annie alipozaliwa. Majira ya baridi ya 1865 kuingia 1866 alikwenda kinuni na gari la farasi, dhoruba ya theluji ikamkuta njiani. Alirudi nyumbani ameganda kwa baridi na hakuchukua muda akafariki. Mama akabaki na watoto wengi na hana kitu. Hapo ndipo stori ya bunduki inapoanzia. Ukutani kulikuwa na bunduki kuukuu ya marehemu. Annie tayari alikuwa anategesha mitego ya ndege na wanyama wadogo, na alipofika miaka kama minane akaichukua ile bunduki na kumpiga kindi. Yule kindi alikuwa kitoweo. Hakukuwa na mchezo hapo.

Hata hivyo njaa haikuisha. Mwaka 1870 akapelekwa kwenye nyumba ya maskini ya wilaya, mahali walipolelewa yatima, wazee na wagonjwa wa akili pamoja. Huko alijifunza kushona, na ushonaji ule ulikuja kumfaa maisha yake yote. Kutoka hapo akachukuliwa na familia moja iliyoahidi kumlipa senti 50 kwa wiki na kumsomesha. Ahadi hewa! Walimtumikisha kuanzia alfajiri mpaka usiku, walimpiga, na siku moja walimtoa nje kwenye theluji bila viatu kwa kosa la kusinzia kwenye kazi ya kushona. Wasichana wa kazi wa majumbani kwetu wakiisoma aya hii hawatahitaji maelezo. Alivumilia kama miaka miwili, kisha akatoroka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Alipokuja kuwa tajiri na maarufu, alipoandika kumbukumbu zake, hakuwataja watu wale kwa jina. Aliwaita mbwa mwitu, basi. Angeweza kuwaanika dunia nzima ikawajua, ila akaliacha jina lao. Kaeni na jambo hili kichwani, tutalirudia.

Aliporudi kwa mama yake akiwa binti wa makamo, akaishika bunduki kama kazi. Aliwinda kware na wanyama wadogo, akawauza kwenye duka la akina Katzenberger pale mji wa Greenville, na nyama ile ikasafirishwa mpaka kwenye mahoteli ya Cincinnati. Inasimuliwa kwamba wenye mahoteli walimpenda kwa sababu ndege wake walipigwa kichwani na nyama haikuwa na vipande vya risasi vya kumvunja mteja meno. Kwa fedha hiyo, akiwa na miaka kama 15, alilipa deni la dola 200 lililokuwa limeweka shamba la mama yake rehani. Miaka 15, wadau! Wengine tukiwa na umri huo tulikuwa tunasubiri mama atupe nauli ya daladala.

Sasa bwana, kulikuwa na jamaa anaitwa Frank Butler, mzaliwa wa Ireland, mlenga shabaha wa kwenye majukwaa. Alikuwa na tabia ya kuingia mji na kuwatangazia wenyeji kwamba anayejiamini aje washindane kwa dau. Cincinnati akawekeana dola 100 na mwenye hoteli aliyekuwa anamfahamu Annie. Butler alitegemea kukutana na mwanaume mwenye madevu. Akaletewa kisichana chenye urefu kama mita moja na nusu! Wakapiga ndege mmoja mmoja kwa zamu, na ndege wa 25 akamponyoka Butler. Annie hakukosa. Mwanaume mwingine angekasirika na kutafuta visingizio, lakini Butler alimpenda, wakaoana, na ndoa yao ikadumu mpaka kifo.

Mwaka 1882 mwenzake Butler wa jukwaani aliugua, Annie akapanda kuziba nafasi, na watu wakawa wanamtaka yeye. Ndipo alipojichagulia jina la Oakley. Butler hakung'ang'ania. Taratibu akashuka jukwaani, akawa meneja wa mkewe na mshikaji wa shabaha zake. Fikirieni ni karne ya 19, mwanaume anakubali hadharani kwamba mke wake ni bora kuliko yeye katika kazi aliyoianza yeye. Hata leo wangapi wanaliweza hilo? Mnijibu kwenye maoni.

Mwaka 1884 kule St. Paul, Minnesota, Annie alionwa na mzee Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mzee huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wao mkubwa mwaka 1876 walipomshinda Jenerali Custer pale Little Bighorn. Alivutiwa na binti huyu kiasi cha kumfanya mwanawe wa kulea, akampa jina la Kilakota ambalo watangazaji walilitafsiri kama Mdogo Asiyekosa Shabaha. Jina hilo likamfuata kwenye mabango yote.

Mwaka uliofuata, 1885, Annie akajiunga na maonyesho makubwa ya Buffalo Bill, na Sitting Bull naye alishiriki kwa msimu mmoja. Mimi hapa huwa nasita. Maonyesho yale ndiyo yaliyoitengeneza picha ya kauboi tunayoijua leo, na ndani yake wenyeji wa asili walilipwa kucheza kushindwa kwao wenyewe mbele ya waliowanyang'anya ardhi. Sitting Bull aliuawa na askari polisi mwaka 1890. Kwa hiyo tunapoburudika na kofia na mikanda, tukumbuke kuna watu ambao kwao haikuwa sinema.

Annie alifanya nini kwenye maonyesho? Aliigeuza karata upande wa ubavu na kuipasua kwa risasi akiwa mbali kama hatua 30. Aliipiga sarafu iliyorushwa hewani. Aliikata sigara mdomoni mwa mumewe. Aliegemeza bunduki begani ikitazama nyuma, akalenga kwa kuangalia kioo kidogo mkononi. Mwaka 1885 alijaribu kuvunja mipira ya kioo 5,000 iliyorushwa hewani ndani ya siku moja huku akijaza risasi mwenyewe, akavunja 4,772 kwa saa tisa. Nguo alishona mwenyewe, zile alizojifunza kwenye nyumba ya maskini. Na alitandaza bunduki zake mezani kwa mpangilio, kila kitu mahali pake.

Mwaka 1887 maonyesho yalivuka bahari mpaka London, Malkia Victoria akiadhimisha miaka 50 ya utawala, na Malkia alifika kuyaangalia. Mwaka 1889 ikawa zamu ya Paris. Inasimuliwa pia kwamba kule Ujerumani alikata majivu ya sigara ya Wilhelm, yule aliyekuja kuwa mfalme na kuiingiza nchi yake kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyofika mpaka Tanga na Kilimanjaro. Watu wakatania baadaye kwamba angekosa kidogo tu, historia ingekuwa nyingine. Mwaka 1894 Thomas Edison alimrekodi kwenye mashine yake ya picha zinazotembea. Kwa hiyo yumo miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye filamu.

Asionekane malaika lakini. Alipokuja msichana mwingine hodari wa shabaha kwenye maonyesho, Lillian Smith, mwenye miaka 15 tu, Annie alianza kujitangaza kwamba naye ni mdogo kwa miaka sita kuliko umri wake halisi. Kumbe kupunguza umri hakukuanza na wachezaji wetu wa mpira!

Mwezi Oktoba 1901 treni la maonyesho liligongana na treni lingine huko North Carolina. Annie aliumia mgongo, akaachana na Buffalo Bill baada ya kama miaka 17. Na alipodhani anapumzika, likaja pigo zito kuliko la treni.

Mwezi Agosti 1903 magazeti ya tajiri William Randolph Hearst yalitangaza kutoka Chicago kwamba Annie Oakley amekamatwa kwa kuiba suruali ya mtu ili apate fedha za kokeini. Habari ikapita kwenye telegrafu, magazeti nchi nzima yakaidaka na kuichapa. Hakuna aliyeuliza. Ukweli ni kwamba aliyekamatwa ni mwanamke mwingine, msanii wa majukwaa, aliyekuwa akijipa jina linalofanana na lake. Annie hakuwepo hata Chicago!

Magazeti mengi yalipogundua yaliomba radhi kwenye kona. Angeweza kuishia hapo, maana alikuwa na maisha yake na mume wake. Lakini huyu ni mtu aliyelijenga jina kutoka kwenye kindi mmoja. Akafungua kesi dhidi ya magazeti 55. Alisafiri mji hadi mji kutoa ushahidi, alihojiwa na mawakili waliotaka kumfanya aonekane mwanamke wa ovyo kwa sababu tu alifanya kazi jukwaani. Hearst alituma mpelelezi mpaka kijijini kwao Ohio akachimbe uchafu, akarudi mikono mitupu. Mpaka mwaka 1910 Annie alikuwa ameshinda kesi 54 kati ya 55. Na kwa gharama za mawakili na safari, inaelezwa kwamba alichotumia kilizidi alicholipwa.

Sasa rudini kwa wale mbwa mwitu. Annie alikuwa na haki zote za kuwataja waliomtesa, na ukweli ulikuwa upande wake, akanyamaza. Magazeti hayakuwa na ukweli wowote, lakini jina lake waliliandika kwa herufi kubwa. Kwangu mimi, ambaye nimemaliza kidato cha nne na naishi kwa kulipwa kwa stori, sehemu hii ndiyo inanigusa kuliko karata na sarafu. Kuna ukurasa mmoja uliwahi kuchukua stori yangu nzima na kuweka jina la mtu mwingine juu yake, kwa hiyo najua kidogo jina kuchezewa kunaumaje. Telegrafu ya 1903 ni hizi hizi meseji tunazosukumiana leo bila kusoma mpaka mwisho. Tunabonyeza, tunatuma, mtu amekwisha. Na wengi tunaowachafua hawana fedha za kesi 55.

Baada ya hapo Annie alifanya nini? Alifundisha. Aliamini kila mwanamke anapaswa kujua kutumia bunduki, na kwenye hoteli moja huko Pinehurst, North Carolina, yeye na Frank walitoa mafunzo kwa wageni. Inakadiriwa katika maisha yake alifundisha wanawake zaidi ya 15,000. Mwaka 1898, Marekani ikielekea vitani na Hispania, alimwandikia Rais McKinley akijitolea kuleta wanawake 50 walenga shabaha wenye silaha na risasi zao. Alikataliwa. Mwaka 1917 akajitolea tena, akakataliwa tena. Hakununa. Alizunguka kwenye kambi za jeshi kuwaonyesha askari kazi, akachangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa msaada wa mbwa wake Dave, ambaye alinusa na kuzitoa hela zilizofichwa na watazamaji.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 62, alivunja visahani vya udongo 100 mfululizo bila kukosa. Mwishoni mwa mwaka huo huo gari alilopanda lilipinduka huko Florida, akavunjika nyonga na kifundo cha mguu. Akafungwa chuma mguuni, na bado alirudi uwanjani! Alifariki tarehe 3 Novemba 1926 pale Greenville, Ohio. Frank Butler alimfuata baada ya siku 18 tu.

Basi turudi kwa wale wanaouliza mtu anaanzaje. Mchezo wa leo unatumia silaha za mtindo wa enzi za Annie: bastola mbili za kukokwa kinyundo kila unapofyatua, bunduki ndefu ya kukokwa kwa wenzo wa chini, na shotigani ya kizamani. Shabaha ni vibao vya chuma, ukivipiga vinalia. Muda wako unahesabiwa, na kila shabaha unayokosa unaongezewa sekunde tano. Ndiyo maana wazoefu wanamwambia mgeni asikimbilie kasi, maana kukosa mara mbili ni sekunde kumi zimekwenda. Wanamshauri pia asinunue bunduki kwanza. Aende aangalie mashindano, aazime, anunue miwani ya kukinga macho na vikinga masikio. Silaha inajazwa risasi kwenye meza maalumu mbele ya msimamizi, na inakaguliwa kwenye meza nyingine ukimaliza. Bastola ya risasi sita inawekwa tano, kinyundo kinakaa juu ya tundu tupu. Na mtutu haugeuki kuelekea watu hata kidogo, ukivunja hilo unatolewa. Hapa kwetu tukumbuke silaha ni jambo la kibali, Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, msije mkasema nimewatuma.

Mwaka 1946 walitengeneza mchezo wa kuimba wa Broadway kuhusu maisha yake, Annie Get Your Gun. Humo wakaweka shindano la mwisho kati yake na Butler, wakamfanya Annie ashindwe kwa makusudi ili ampate mwanaume. Yaani miaka 20 kaburini, bado wanamchezea! Wadau, hakushindwa. Alimpiga Butler kihalali, na Butler mwenyewe alikubali. Ukisikia mtu anasimulia vingine, msahihishe.

Uwanja ni wenu. Ingekuwa wewe, ungepigania jina lako miaka saba ukijua utatoka na hasara, au ungeomba radhi ya kwenye kona ikutoshe? Toeni maoni, bila matusi tafadhali. Naomba kuwasilisha.